Kadi Yenye Nafasi Tupu

Mama mmoja wa Matasia, katika Kajiado, alikuwa na kadi ya kliniki aliyoificha chini ya godoro. Haikuwa na siri ila nafasi tupu. Mtoto wake alipozaliwa alichanjwa kifua kikuu mkononi, akatiwa kinywani matone ya kuzuia ugonjwa wa kupooza. Alipotimiza majuma 6 akapata sindano za kwanza. Kisha mvua zikakosa. Huo ulikuwa mwaka 2022, ng'ombe wakafa kwa wingi Kajiado, na mama akamfuata mumewe malishoni upande wa Magadi. Majuma 10 yakapita, na 14 pia. Waliporudi Matasia mtoto alikuwa na miezi 10.

Jirani akamtisha: "Mama, utagombezwa, na sindano zote zitaanza upya!" Kwa hofu hiyo akakaa mwezi mzima zaidi. Lakini kifaduro na surua hazimngoji mtu apate ujasiri. (Hapana budi kukiri kwamba ukali wa baadhi ya wauguzi umewarudisha akina mama wengi wakiwa wamekwisha fika mlangoni.)

Hatimaye akaenda. Muuguzi, mtu mzima mpole, akaisoma kadi, kisha akasema, "Mama, hatuanzi upya. Mwili wa mtoto haukuisahau sindano ya kwanza. Tutaendelea pale tulipoachia."

Siku ile ile mtoto akapata sindano ya pili ya kuzuia dondakoo, pepopunda na kifaduro, pamoja na matone. Na kwa kuwa amekwisha pita miezi 9, akachanjwa surua pia, kila sindano mahali pake. Mama akauliza kwa nini surua hungojewa hata mwezi wa 9. Akaelezwa kwamba mtoto huzaliwa na kinga ya surua aliyoipata kwa mamaye, nayo huizuia chanjo isishike vizuri. Ikipungua ndipo chanjo ifaapo. Ya pili ni miezi 18. Matone ya kuzuia kuharisha ndiyo yenye kikomo cha umri, hayo hayafai kucheleweshwa.

Sindano ya tatu ilikuwa baada ya majuma 4. Mama akaomba tarehe iandikwe kwa tarakimu kubwa, ili mumewe apate kuisoma kwa mwanga wa taa.