Kujuana kwa Ajili ya Ilimu

Kazi yangu ya umri imekuwa kuzitafiti tenzi za kale za Kiswahili, na katika fani hiyo mtu wa peke yake hafiki mbali, kwa kuwa hati zenyewe zimetawanyika: zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizozikusanya marehemu J. W. T. Allen, zimo London, zimo Ujerumani, na nyingine, zisizotajwa na orodha yoyote, zimo masandukuni mwa watu Lamu na Pate. Ubeti uliokatika katika nakala moja huenda umetimia katika nyingine, wala hapana njia ya kuujua ila kwa kujuana na anayeisoma huko.

Mwalimu wangu aliniusia nisimwendee mwanachuoni kwa maamkizi matupu, bali nimpelekee swali moja mahususi lenye kudhihirisha kuwa nimekisoma alichokiandika. Basi kila nilipojaaliwa kuhudhuria kongamano la Kiswahili la Bayreuth, nilichukua nakala ya ubeti wenye utata nikautoa wakati wa chai. Maana makala yanaposomwa watu hukaa kwa adabu wakamsikiliza msemaji, lakini kwenye chai huinamia karatasi wawili watatu, huyu akilisoma neno hivi na yule akilikataa, na hapo ndipo usuhuba wa kazi unapozaliwa. Nikisharudi, humwandikia kila mmoja barua ya shukrani, na ndani yake hutia kitu cha kumfaa yeye katika utafiti wake.

Wako wanaodhani kuwa masahibu wa mtafiti ni maprofesa tu, nami siafikiani nao hata kidogo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, tunayo leo kwa fadhila za Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeyakusanya kwa wazee wa mji na kumfasiria mmisionari William Taylor. Na karatasi za Taylor ndizo alizozitegemea William Hichens alipoitoa diwani ya Muyaka mwaka 1940. Pasina Sikujua, Taylor angeandika nini?

Kwa hiyo sipeleki kitabu mtamboni kabla ya kumsomea mwenye hati kwa sauti, na jina lake, akiridhia, hulitanguliza katika dibaji. Bibi mmoja wa Lamu, nilipokwisha kumsomea na yeye kunisahihisha matamshi ya maneno ya Kiamu, aliniambia, “Mwanangu, ndugu yangu yuko Mombasa, naye anazo nyingine, mwambie nimekutuma mimi.” Nikaenda, na yule bwana, baada ya kuniuliza sana hali ya nduguye, akanitolea hati ambayo barua ya chuo haikupata kuitoa. Nikamjulisha kwa mwenzangu wa Ujerumani aliyekuwa akiutafiti utenzi uo huo, na hao wawili wakaendelea kuandikiana wenyewe, pasi na mimi kuwa kati.