Kitundu cha Chini

Pipa lilikaa nyuma ya nyumba yetu hapa Chekereni miezi miwili kabla sijaligusa. Ni pipa la kawaida la lita 200, lililokuwa la mafuta ya kula. Nilipolinunua nilionyeshwa na jingine la nusu bei, halina hata kutu, ila lilikuwa limebeba dawa ya kuulia wadudu. Nililiacha, na yeyote anayefikiria kutengeneza jiko la kubanikia namwomba aliache vilevile. Moto hausafishi kila kitu.

Nilikuwa natafuta ladha ya darini kwa bibi. Kule juu mlimani, Kilema, nyama ilipandishwa juu ya mafiga, ikakaa siku nyingi ikila moshi taratibu, haiungui wala haiozi. Sisi wa tambarare tumezoea nyama choma: makaa mekundu, chumvi, pilipili, watu wameshanawa mikono. Naipenda sana. Lakini ile ya bibi ilikuwa na kitu ambacho haraka haikipati.

Fundi wa kuchomelea alinikatia mlango wa kuni, akatoboa tundu chini kabisa na kulipachikia kibati cha kusogeza, akaweka bomba fupi la moshi kwenye mfuniko, kisha nondo mbili za kubeba wavu. Nikawasha moto mkali pipa likiwa tupu mpaka rangi yote ikababuka, nikalisugua kwa brashi ya waya, nikalipaka mafuta ya kupikia ndani, nikawasha tena. Likatoka jeusi linalong'aa kama chungu cha siku nyingi.

Jaribio la kwanza lilikuwa perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa moshi wa pumba za mpunga, maana pumba kwetu zimejaa nje ya mashine za kukoboa. Moshi ulitoka mzito, mweupe kama maziwa, nami nikafurahi nikidhani wingi wa moshi ndio wingi wa ladha. Mke wangu alimega kipande, akakirudisha sahanini bila neno. Kilikuwa kichungu. Moshi mweupe ni wa moto unaokosa pumzi. Ule mzuri ni mwembamba, una ubuluu kidogo, na huuoni vizuri mpaka uutazame ukipita mbele ya majani ya mgomba.

Mara ya pili nilipata kuni za mkahawa mkongwe uliong'olewa huko mlimani, na bega la nguruwe la kilo 4. Nilitaka joto la pipa likae kati ya nyuzi 110 na 130. Nyama ilipanda vizuri hadi nyuzi 68, ikasimama. Saa nzima, saa mbili, haisogei. Nikaongeza kuni. Nikafunua mfuniko kutazama, nikafunua tena, na kila nilipofunua joto lilitoka na hewa ikaingia ikauchochea moto. Nje nyama iliungua, ndani ikabaki ngumu.

Baadaye nilielewa kwamba nyama ikifika hapo hutoka jasho, na jasho hilo likikauka huipoza kama linavyotupoza sisi shambani. Joto lote linaishia kukausha maji. Na saa hizohizo ndipo nyuzinyuzi ngumu zinapoyeyuka polepole na kuwa laini. Nilichokiona kama kukwama ndiyo kazi yenyewe.

Jambo hili lilinichoma, kwa sababu nina kijana aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nami shambani mwaka mzima. Kila jioni nilikuwa namuuliza amefikia wapi, ameamua nini. Kila jioni. Naye alizidi kukauka mbele yangu.

Jaribio la tatu baba yangu alikuja kukaa nami. Kijiji hiki kinaishi kwa malango ya maji. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ukamilike mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, maji ya mito ya Njoro na Rau huja mashambani kwa mifereji na kwa zamu, na baba amekesha miferejini usiku mwingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hakuuliza habari za kuni wala viungo. Aliuliza, "Hewa inaingilia wapi?"

Nikamwonyesha kitundu cha chini. Akainama, akasogeza kibati mpaka ukabaki upenyo wa kidole, akatega sikio. Mngurumo wa moto ukashuka.

"Lango ukilifungua lote, tuta linabomoka," akasema. "Ukilifunga lote, mpunga unakufa. Ukishaliweka sawa, mwanangu, keti."

Tukaketi. Nyama ikafika nyuzi 68, ikasimama. Mkono wangu ulikwenda kwenye mfuniko mara mbili, nikaurudisha. Giza lilipoingia kijana alituletea chai ya rangi, akamwamkia babu yake, akakaa kwenye gogo upande wa pili wa pipa. Sikumuuliza kitu. Vyura walikuwa wanalia majarubani, na moshi ulikuwa hauonekani tena, tunaunusa tu.

Ilikuwa karibu saa tatu alipoanza mwenyewe kutusimulia habari za fundi wa mashine ya kukoboa, jinsi anavyojua ubovu kwa kusikiliza mkanda tu, na kwamba wiki mbili sasa amekuwa akipita pale kumshikia spana.