Namba Niliyoiita "Usishike"



Neno letu la leo ni Mambo ya Walawi 6:1-7. Najua wengi wetu tukianza mpango wa kusoma Biblia mwezi wa Januari, tukifika Walawi tunashukia hapo. Leo nivumilie, kwa sababu mistari hii saba ndiyo iliyonitoa Ruiru ikanipeleka Thika nikiwa na bahasha mfukoni na mdomo mkavu.

Mwaka wa 2011 nilikuwa na miaka 24. Barabara ya Thika ilikuwa bado inapanuliwa, ile kazi iliyoanza 2009 na kufunguliwa rasmi na Rais Kibaki mwezi wa Novemba 2012, na mimi nilikuwa kibarua huko, nasukuma wilbaro ya kokoto kutoka asubuhi hadi jioni. Nilikaa chumba kimoja cha mabati Kihunguro. Nilikuwa nimeokoka miaka mitatu. Nilikuwa kwaya, kesha ya Ijumaa sikukosa, na nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili.

Jioni moja simu yangu ikalia. Ilikuwa ile simu ndogo yenye tochi tuliyoiita mulika mwizi. Kutazama, ni ujumbe wa M-Pesa: nimepokea shilingi 4,500 kutoka kwa mama nisiyemjua. Mnaokumbuka siku hizo mnajua, jina la mpokeaji hukuliona kabla ya kutuma. Ulituma kwanza, jina likaja baadaye. Ukikosea tarakimu moja, pesa imeenda kwa mgeni.

Sikungoja. Nilivaa viatu nikaenda kwa ajenti, nikaitoa yote. Nikiwa njiani narudi, simu ikaanza kulia. Sikuishika. Ikalia tena na tena. Mwisho akatuma ujumbe: samahani ndugu yangu, nimekosea namba, hizo pesa si zangu, tafadhali nirudishie. Hayo maneno "si zangu" niliyasoma nikayapita. Nikaihifadhi namba yake kwenye laini ili siku akipiga tena nisijisahau nikaongea naye. Nikaipa jina: Usishike.

Sasa sikiliza sehemu ambayo imenichukua miaka mingi kuisema.

Jumapili iliyofuata nilitoa fungu la kumi la pesa hiyo. Shilingi 450, kwenye bahasha, jina langu limeandikwa juu. Kisha nikasimama mbele, nikapewa maikrofoni, nikashuhudia. Nilisema nilikuwa na deni la kodi, nikaomba, na Bwana akanitumia pesa kwa njia nisiyoitarajia. Kanisa likapiga vigelegele. Baada ya ibada dada mmoja alinifuata nje akaniuliza nilikuwa nimefunga siku ngapi, kwa maana naye alikuwa na shida ya kodi kama yangu.

Nikamwambia tatu.

Maisha yakaendelea. Nilienda chuo cha Biblia, nikaoa, nikawekewa mikono, nikapewa kundi la kulisha. Nimehubiri juu ya uaminifu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Na ile namba ilihama nami kutoka simu hadi simu, kwa kuwa ilikuwa kwenye laini, na laini sikubadilisha.

Mwaka wa 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, ndipo nilipoanza kuwatumia jumbe hizi za asubuhi. Nilikaa jioni moja nikipitia majina kwenye WhatsApp, nikichagua washirika mmoja mmoja. Nikafika herufi U. Chini ya "Ushirika wa Kimbo" pakatokea "Usishike". Na mara hii palikuwa na picha. Mama wa makamo, amefunga kitambaa kichwani, miwani ya kusomea imeshuka puani, mjukuu amekaa magotini pake. Miaka tisa nilikuwa na namba tu. Siku hiyo nilipata sura.

Nilifunga simu nikajiambia nitalishughulikia. Wiki hiyo kwenye mpango wangu wa kusoma nilikuwa Walawi sura ya 6.

Angalia kile kifungu kinachosema. Kinamtaja mtu aliyemdanganya jirani yake juu ya amana, au aliyemnyang'anya, au aliyeokota kitu kilichopotea akakana kwamba anacho. Mtu huyo anatakiwa arudishe kitu chote, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe. Ndipo alete kondoo wa sadaka kwa kuhani, na kuhani amfanyie upatanisho. Umeona mpangilio? Kwanza mlangoni kwa jirani, kisha madhabahuni. Na usiseme hiyo ni Agano la Kale. Bwana wetu mwenyewe, kwenye Mathayo 5:23-24, anamwambia mtu aliyekwisha kufika na sadaka yake aiache pale pale, aende akapatane na ndugu yake kwanza.

Mimi nilikuwa nimegeuza mpangilio. Nilimpa Mungu 450 ili asiniulize habari ya zile 4,050.

Nilimkumbuka shosho yangu. Yeye alikuwa mmoja wa wale walioitwa ahonoki, watu wa uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuletwa Kabete na timu ya wahubiri mwaka wa 1937. Wazee wale walikuwa na neno moja: kutembea nuruni, kama lilivyo katika 1 Yohana 1:7. Mtu akiokoka kati yao, watu walingoja kuona atarudisha nini. Jembe la jirani, kuku, pesa za mwajiri. Alirudisha, akaungama kwa jina la kosa lenyewe, ndipo wakaimba Tukutendereza. Nikiwa mtoto nilidhani shosho ni mtu wa sheria tu, mgumu. Sasa najua kwamba alijua neema kuliko mimi. Mtu anayeamini kweli kwamba amesamehewa haogopi kubisha hodi.

Nilipiga ile namba siku ya Jumatatu. Aliposhika, nilisahau kila kitu nilichokuwa nimeandaa. Nikasema tu, "Mama, mwaka wa 2011 ulituma pesa ukakosea namba. Ni mimi." Akanyamaza kwa muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Halafu akaniuliza, "Kijana, uko wapi saa hizi?"

Siku mbili baadaye nilishukia Thika mjini, nikapanda boda hadi Makongeni. Kwenye bahasha nilikuwa na shilingi 5,400: zake 4,500 na sehemu ya tano, 900. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu vizuri, kama mtu anayeenda kulipa bili ya stima. Alinikaribisha, akanipa chai, akahesabu pesa mbele yangu.

"Hizi nitazichukua," akasema, "kwa sababu ni haki yangu. Lakini wewe hukuchukua pesa peke yake."

Kisha akanieleza. Pesa ile ilikuwa ya chama. Wamama 15, kila mmoja shilingi 300, na yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina. Jioni ile alikuwa anamtumia mwenzake ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Aliporudi kusema amekosea namba, na mwenye namba hashiki simu, na pesa imeshatolewa, wengine walimwamini na wengine hawakumwamini. Alizilipa kutoka mfukoni kwa miezi mitatu, akifulia watu nguo. Hata hivyo, kiti walimwachia, daftari wakamnyang'anya. Miaka tisa aliketi kwenye kile chama akitazama mtu mwingine akiandika.

Wapendwa, niliingia nyumba ile nikidhani nimevunja amri ya nane peke yake, usiibe. Nikiwa pale na kikombe mkononi, nikaona ile ya tisa nayo imevunjika. Sikufungua mdomo wangu kumsingizia mtu yeyote, lakini kila siku niliyokaa kimya, kimya changu kilisimama mbele ya wale wamama kikishuhudia uongo juu ya jirani yangu. Na ile ya tatu? Nililibeba jina la Bwana kwenye maikrofoni, nikaliweka juu ya mali ya wizi kama mhuri. Yakobo 2:10 anasema anayejikwaa katika neno moja amekosa juu ya yote. Zamani niliona ni ukali. Siku ile niliona ni maelezo tu ya jinsi mambo yalivyo. Amri za Mungu zimefumwa kama sweta. Ukivuta uzi mmoja, huwezi kuamua ni wapi itaacha kufumuka.

Nilimwuliza nifanye nini. Akasema, "Tunakutana Alhamisi. Njoo uwaambie."

Nikajikuna kichwa. Nikaanza, "Lakini mama, unajua mimi ni mchungaji..."

"Basi kusema mbele ya watu umezoea," akanijibu.

Nilienda. Walikuwa wamebaki tisa, wameketi chini ya mti wa parachichi, wote na barakoa, na mimi nilitamani yangu ingefunika uso mzima. Nilisema yote, mpaka ushuhuda na zile siku tatu nilizodai nimefunga. Hakuna aliyesema amina. Baada ya kimya kirefu, mzee wao akainuka, akachukua daftari kwa mama aliyekuwa nalo, akaliweka mapajani pa mwenyewe. Yule mama akavaa miwani yake, akafunua ukurasa, akauliza, "Nani hajatoa ya leo?"

Mkutano ukaanza.

Ningependa kuishia hapo, lakini nisiwe mwongo mara ya pili. Yule mwenzake aliyekuwa apokee zamu ile alifariki mwaka wa 2018, akiamini hadi mwisho kwamba rafiki yake alizila zile pesa. Hapo sehemu ya tano haifiki. Hata ningelipa mara nne, kama Zakayo alivyoahidi katika Luka 19:8, siwezi kwenda makaburini kurudisha urafiki wao. Hapo nimebaki na damu ya Yesu tu, na sisemi hivyo kwa wepesi.

Kuna wanaoniuliza, pasta, si tumeokolewa kwa neema, haya ya kulipa si ni kurudi chini ya sheria? Soma tena habari za Zakayo. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Hakununua wokovu. Lakini wokovu ulipoingia ile nyumba, ulienda moja kwa moja hadi kwenye mfuko wa pesa. Neema inafuta hatia yangu mbele za Mungu. Haijapata kunipa ruhusa ya kukaa na pesa ya mama wa Makongeni. Na sheria, ambayo niliiona kama askari wa kunikamata, ndiyo iliyonionyesha mlango wa kubisha na kiasi cha kubeba. Peke yangu nisingejua nianzie wapi.

Waliotutangulia walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wangu ulikuwa wa kupiga simu moja jioni ile ile, na ungeisha kabla chai haijapoa. Niliuacha, nikaja kuujengea ukuta kwa miaka tisa, na sehemu moja ya ukuta ule haitajengeka tena. Ndiyo maana nasema uanafunzi ni kuzoeza mkono mambo madogo mapema. Mkono uliozoea kurudisha shilingi 20 ya chenji iliyozidi hautasumbuka siku ya 4,500.

Kwa hiyo leo siulizi umeomba saa ngapi. Nauliza habari za simu yako. Ni namba gani unaikwepa? Mwenye ploti, diposti ya yule mpangaji aliyehama ukiwa umesema utamtumia wiki ijayo, iko wapi? Dada, yule msichana aliyekufanyia kazi za nyumbani akaenda bila mshahara wa mwezi wa mwisho, yuko wapi? Ndugu wa hardware, mizani yako ya misumari inasema kweli? Ndugu wa ploti, yule mzee uliyemwonyesha shamba la mtu mwingine bado anakungoja. Mpigie kabla ya Jumapili. Peleka chake, ongeza sehemu ya tano, na kama ulimharibia jina, uende hadi pale lilipoharibikia. Kisha njoo na sadaka yako. Tutakungoja.

Nililirudia pia lile kanisa la 2011, nikaomba ruhusa, nikasimama mahali pale pale nikaurekebisha ushuhuda wangu. Lakini yule dada aliyeniuliza nje hakuwepo. Alikuwa amehama, na hakuna aliyejua alikoenda. Kwa hiyo naandika hapa, kwa kuwa jumbe hizi hufika mbali. Dada, kama unasoma: sikufunga hata siku moja. Kama ulifunga zile siku tatu na pesa haikuja, hukukosa imani. Mimi ndiye niliyekudanganya. Nisamehe, na unitafute.

Mama wa Makongeni amenipa ruhusa kuandika haya, mradi jina lake nisilitaje. Namba yake bado iko kwenye simu yangu. Jina nilibadilisha siku ile ile nikiwa kwenye matatu narudi Ruiru. Siku hizi akipiga, inaandika "Mama".

Tuombe. Baba, tupe moyo wa kupiga ile simu leo. Tunapobisha hodi, utangulie mbele yetu. Na yale tusiyoweza kuyarudisha, tunayaleta kwako tukilia, kwa damu ya Mwanao Yesu. Amina.