Kwa Nini Tulipunguza Magurudumu ya Gari la Nyumbani

Imekuwa desturi siku hizi, khasa kwa vijana wetu, kulipima gari kwa magurudumu yake. Rimu ikiwa kubwa na ya kung'aa, na mpira ukawa mwembamba kama utepe, husemwa kuwa gari hilo limependeza. Nasi hatukatai kwamba lapendeza. Walakini gari la nyumbani halikununuliwa litazamwe tu. Hubeba wazee wenye maumivu, na watoto waliolala, na magunia ya mchele, na pengine maiti wa jirani akipelekwa kwao kuzikwa. Kwa hiyo yafaa tuulizane magurudumu hayo yamfaa nani.

Swali hili, ndugu wasomaji, lilitufikia sisi mwaka 2022, tulipopata gari la watu wanane lililokwisha tumika Japani. Lilikuja na rimu za inchi 17, nyeusi zenye ukingo wa fedha, na mwuzaji alizisifu kuliko alivyoisifu injini. Kijana wetu mkubwa alizipenda tangu siku ya kwanza, akawa akizifuta kwa kitambaa kila Ijumaa asubuhi kabla hata hajaoga.

Mama yetu mzazi ana maradhi ya uti wa mgongo, nasi humchukua kutoka Tanga hata Dar es Salaam kumwona daktari kila baada ya miezi miwili. Njia hiyo ni ya lami, lakini ina matuta mengi baina ya Segera na Chalinze, na kila tuta alilihisi kiunoni. Hakusema neno. Alikishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akafumba macho, hata gari litulie. Tulimwona katika kioo, safari moja baada ya nyingine.

Kisha mwezi wa Disemba mwaka huo huo, usiku, tukirudi, gurudumu la mbele la kushoto liliingia katika shimo tusilolitambua kwa sababu ya maji ya mvua. Tairi lilipasuka ubavuni, na rimu ikatoka ufa. Tulikuwa watu saba ndani. Alhamdulillahi hakuumia mtu, ila mama alihitaji siku nne kitandani kabla ya kuweza kusimama bila ya kushikwa.

Tulipolitoa tairi la akiba tuliona jambo tusilokuwa tumelitazamia. Tairi hilo lilikuwa la inchi 15, limeandikwa 195/65R15, na yale manne yaliyokuwa chini ya gari yaliandikwa 225/45R17. Asubuhi yake tuliufungua mlango wa dereva, tukakisoma kile kibandiko kilichobandikwa kiwandani. Maneno yalikuwa ya Kijapani, lakini namba ni namba kwa kila mtu: 195/65R15, na upepo kilopaskali 240, yaani paundi 35 hivi. Basi gari lilizaliwa na magurudumu ya inchi 15, na haya makubwa lilivikwa baadaye na mtu aliyetaka lipendeze.

Hapa twaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana hesabu hii ni nyepesi na ina faida kwa kila mwenye gari. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, kwa asilimia ya ule upana. Herufi R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, kutoka ukingo hata ukingo. Ni ufundi uliowekewa hati na kampuni ya Michelin mwaka 1946, nao ndio unaotumika katika takriban magari yote madogo ya leo. Namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Sasa, asilimia 45 ya 225 ni milimita 101, na asilimia 65 ya 195 ni milimita 127. Ukijumlisha rimu na mbavu zote mbili, la juu na la chini, utaona kwamba matairi yote mawili yana kimo cha milimita 634 na kitu. Hayatofautiani hata kwa unene wa ukucha! Kilichobadilika ni kwamba chuma kimepungua inchi mbili na mpira umeongezeka inchi moja kila upande.

Na inchi hiyo moja ndiyo siri yote. Uzito wa gari hauchukuliwi na mpira bali na upepo uliomo ndani yake, na ubavu mrefu una nafasi ya kujikunja na kunyooka unapokutana na jiwe au tuta. Ubavu mfupi hauna nafasi hiyo. Hubanwa baina ya ukingo wa shimo na chuma cha rimu, nyuzi za ndani zikakatika, tairi likatoka nundu au likapasuka pale pale. Pigo lisilomezwa na mpira hupanda kwenye springi, na kutoka springi hupanda kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hufika katika mgongo wa mgonjwa.

Lakini asije mtu akadhani kwamba kupunguza magurudumu ni kutia tairi dogo lo lote. Lau tungaliweka 225/45 ile ile juu ya rimu ya inchi 15, gari lingalishuka karibu milimita 25, tumbo lake likawa lakwaruza matuta, na saa ya mwendo ingalionyesha kilomita 100 hali gari liko katika 92 tu. Kimo cha gurudumu zima hakina budi kubaki kama kilivyokuwa. Kadhalika kuna namba ya mzigo, iliyoandikwa baada ya kipimo: 91 maana yake tairi moja laweza kuchukua kilo 615. Namba hiyo haifai kuwa chini ya ile iliyotakiwa na kiwanda, na khasa kwa gari linalojaa watu kama letu.

Fundi tuliyemwendea mwezi wa Februari 2023 ni mtu mzima, mchache wa maneno. Kabla ya kukubali fedha zetu alichukua rimu moja tupu ya inchi 15, akaifunga, akaizungusha kwa mkono taratibu, akisikiliza kama yagusa breki. Magari mengine, alitwambia, yana breki kubwa zisizoingia katika rimu ndogo, na mwenye kununua rimu kabla ya kujaribu hujitafutia hasara. Akatuonyesha pia nati. Zile za rimu zetu za zamani zilikuwa bapa chini, na rimu za chuma zataka nati zenye ncha ya mchongoko. Ukizichanganya zitakaza mkononi, na njiani zitalegea. Alizikaza kwa kuvuka kutoka upande huu hata upande wa pili, si kwa kuzunguka mfululizo, akatuagiza tuzikaze tena baada ya kilomita 100.

"Baba," akasema kijana wetu, "sasa litafanana na teksi."

Fundi akacheka, akamjibu, "Mwanangu, teksi hufanya kazi kila siku. Wajua kwa nini huzioni na rimu zile?"

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Gari halikati kona kwa wepesi kama zamani; huinama kidogo, na usukani huchelewa kidogo kuitika. Mwenye kupenda mbio ataliona hilo. Sisi safari yetu ya kwanza ya Dar es Salaam ilikuwa mwezi wa Machi, na baada ya kupita matuta ya Mkata tulitazama katika kioo tukamwona mama amelala, mkono mmoja juu ya mkoba wake.

Kukabaki jambo la zile rimu kubwa, nalo ndilo lililozusha maneno mengi nyumbani kuliko yote. Tatu zilikuwa nzima. Ya nne ilikuwa na ule ufa, na fundi mwengine, tusiyemtaja, aliahidi kuichomelea na kuipaka rangi hata asiitambue mtu. Nne pamoja zina bei nzuri. Tatu hazina wa kuzitaka. Kijana wetu aliona tufanye hivyo, kwani fedha ile ingalirudisha karibu gharama yote ya matairi mapya, na yeye alikuwa akingojea ada ya chuo. Si kwamba ni mtoto mbaya, ila haja ilikuwa ya kweli na fedha ilikuwa karibu.

Tulimwambia aingie garini na bibi yake, amwulize usiku ule wa shimo ulikuwaje. Hatukumwambia zaidi, kwani madrasa alisoma, na hukumu ya mwenye kuficha aibu ya bidhaa anaijua kama sisi. Alikaa huko hata adhana ya magharibi.

Mnunuzi alikuja siku ya pili, kijana wa rika lake. Mwenyewe ndiye aliyemtolea rimu ya nne kutoka ghalani, akamwonyesha ufa kwa kidole, akasema, "Hii hatuiuzi, ndugu yangu." Yule akazichukua tatu kwa bei isiyofika nusu ya tuliyotaraji, na ada ya chuo ikalipwa kwa mafungu matatu. Rimu ya nne ipo uani mpaka leo, imepigiliwa ukutani, na mpira wa kumwagilia maji umezungushwa juu yake.