Nilivyofuta sauti ya mama wa Rutshuru

Kompyuta ya kikundi chetu cha vijana hapa Jinja ni ya zamani, ina Ubuntu, na diski yake hujaa haraka kama taksi ya kwenda Mbale wakati wa Krismasi. Mimi ndiye ninayefundisha wenzangu kurekodi. Kila nikifungua dirisha la amri na kuandika sudo apt install audacity, vijana wanacheka, maana ukiandika neno la siri hakionekani kitu, hata nukta. "Kaka, kibodi imekufa!" Haijakufa. Andika tu, bonyeza enta.

Tulikuwa tumemrekodi mama mmoja aliyetoka Rutshuru. Alieleza alivyovuka Bunagana kwa mguu, na katikati akataja jina la mtoto aliyempoteza njiani. Dakika 41. Nilikuwa nizipeleke Mbale, vijana wa kule wazisikilize.

Usiku wa kuamkia safari programu ikawa inaganda. Nikaamua kuitoa ili niiweke upya: sudo apt remove audacity, kisha Y. Hapo sikukosea. Amri hiyo inaondoa programu tu, kazi zako inaziacha pale ulipoziweka. Lakini diski ilikuwa bado imejaa, na nikaona folda ambayo jina lake linaishia na _data, ndani yake vifaili vidogo vidogo, majina yake herufi na namba tu. Nikasema haya ni makapi ya ile programu. Nikaingia ndani yake, nikaandika rm -r *, vyote vikafutika, folda ikabaki tupu. Hiyo haiulizi, wala haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Bando nalo likaisha, nikalala.

Mbale niliweka Audacity tena kwa intaneti ya simu. Nikafungua faili ya .aup, ikafunguka vizuri, urefu ule ule. Kisha ukaja ujumbe: vipande vya sauti havipatikani, je, viwekewe kimya?

Matoleo ya kabla ya 3.0 yalikuwa yanatunza sauti yenyewe ndani ya folda ya _data; .aup ilikuwa kama ramani tu. Toleo la 3.0, la mwaka 2021, ndilo lililounganisha vyote katika faili moja ya .aup3. Letu lilikuwa la zamani. Na WAV sikuwa nimetoa, uvivu wangu. Vijana wamekaa, spika imewashwa, mstari kwenye kioo umenyooka.

Niliporudi nilimwendea. "Mama, unisamehe, nimeifuta." Akaendelea kuchambua maharage yake.

"Ile niliisha kuisema, mwana yangu."

Baada ya wiki mbili aliniita mwenyewe. Akaeleza Bunagana, mvua, watu waliomgawia uji. Nilitoa WAV hapo hapo, nikaiweka kwenye flashi mbili. Jina la mtoto hakulitaja, na mimi sikuuliza.