Dubu Jike wa Bonde la Aspe

Ndugu msomaji, huenda ukaniuliza dubu watuhusu nini sisi tusiokuwa nao. Mimi nimelelewa katika nyumba ya wafugaji, na kila nisomapo habari za mnyama anayeua mifugo, moyo wangu huegemea kwanza upande wa mwenye zizi. Ndivyo ilivyokuwa niliposoma habari za dubu wa kahawia wa milima ya Pyrenees, iliyo mpakani mwa Ufaransa na Hispania.

Tarehe 1 Novemba 2004, katika Bonde la Aspe upande wa Ufaransa, mwindaji alimpiga risasi dubu jike aitwaye Cannelle. Mtoto wake alinusurika. Mama huyo ndiye aliyekuwa jike wa mwisho wa nasaba ya asili ya milima hiyo.

Uzito wa risasi ile wategemea uzazi wa dubu. Hupandana kati ya Mei na Julai, lakini mimba haikui papo hapo. Husubiri tumboni hadi baridi ikaribie. Jike asiyejiwekea mafuta ya kutosha huipoteza. Aliyenenepa huingia pangoni, na mnamo Januari huzaa watoto wasiozidi nusu kilo kila mmoja. Huwanyonyesha kwa majuma mengi, naye mwenyewe hali wala hanywi. (Mama aliyewahi kunyonyesha na njaa atanielewa.) Kisha hulea mwaka mmoja na zaidi kabla ya kupandwa tena.

Ufaransa ilikwisha kuleta dubu kutoka Slovenia: majike wawili mwaka 1996, na dume, Pyros, mwaka 1997. Pyros alizaa sehemu kubwa ya watoto waliofuata, hata wataalamu wakahofia damu kukaribiana mno. Wengine watano waliletwa mwaka 2006, na majike wawili mwaka 2018. Sasa dubu wa Pyrenees wamepita 70.

Lakini mchungaji naye asikilizwe. Julai 2017, kondoo 209 waliporomoka gengeni na kufa wakimkimbia dubu. Serikali hulipa fidia, nami nakumbuka sura ya baba akihesabu ndama alfajiri, baada ya fisi kupita, fedha haingeifuta. Hata hivyo, wanaodai dubu wote waondolewe siungani nao. Mbwa wakubwa wa ulinzi, zizi la usiku na msaidizi wa mchungaji hupunguza hasara, na serikali huchangia gharama zake. Kwa maoni yangu, ichangie zaidi.