Mkate wa Mekoni

Aghalabu mkate huitwa kwa jina la kitu kilichotiwa ndani yake, au kwa namna ya kupikwa kwake. Sisi tuna mkate wa ufuta kwa sababu ya ufuta, mkate wa kumimina kwa sababu rojo lake humiminwa, na mkate wa mofa kwa sababu ya tanuri dogo ambamo huokwa. Waitalia nao wana mkate bapa uitwao focaccia, ambao jina lake limetoka mahali pa moto. Warumi wa kale waliita meko focus. Na mkate uliookwa mekoni wakauita panis focacius, yaani mkate wa mekoni. Neno hilo la meko ndilo lililozaa neno la Kiitalia la moto, fuoco. Basi anayetaja mkate huu ametaja moto. Na anayetaja moto amemtaja, ajue asijue, mtu aliyeuwasha. Nataka kusema hapa habari za mkate huo, namna unavyofanywa nyumbani, na habari za mtu huyo.

Focaccia si chakula cha fahari. Ni unga wa ngano, maji, chumvi, hamira na mafuta ya zeituni. Genova, mji wa bandari katika jimbo la Liguria, ndio unaosifika zaidi kwa mkate huu. Huko huokwa kwa unene wa kidole, ukawa na vishimo juu na mng'aro wa mafuta, na watu huununua asubuhi kwa mwokaji ukiwa moto. Wako wauchovyao katika kahawa ya maziwa, chumvi na yote, wala hawaoni ajabu. Katika mji wa Bari, kusini, hutiwa nyanya na zeituni. Katika mji mdogo wa Recco, karibu na Genova, hufanywa bila hamira, tabaka mbili nyembamba sana zikabeba jibini katikati. Na mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliupa mkate huo wa Recco hifadhi ya jina, ili asije mwingine akauita hivyo uliookwa pengine. Kila mji huamini kuwa wake ndio asili na wa wengine ni mwigo. Ubishi wa namna hiyo si mgeni kwa msomaji wa pwani aliyepata kusikia watu wakishindania pilau.

Nyumbani kwetu mkate huu huokwa kila Jumamosi. Vipimo ni hivi: unga gramu 500, maji gramu 350, chumvi gramu 10, hamira gramu 5, na mafuta ya zeituni vijiko vikubwa viwili, mbali na yale ya kupaka. Mtu aliyezoea kukanda unga wa chapati akiona donge lake atashtuka, maana ni laji na lenye kunata vidoleni, wala halikubali kuviringwa. Atatamani kuongeza unga. Asiongeze. Mkate huu hautaki nguvu; wataka subira. Donge huachwa katika bakuli lililofunikwa, na kila baada ya nusu saa mkono uliolowekwa maji huvuta upande mmoja na kuukunja juu ya mwingine, pande zote nne. Kufika mara ya tatu, kile kilichokuwa tope kimekuwa kitu kilichojishika, chororo kama ngozi ya mtoto.

Siri ya badiliko hili imekwisha elezwa na wenye elimu yake. Utomvu wa ngano ukikutana na maji hujisuka ukawa kama wavu wenye kuvutika. Hamira nayo ni kiumbe hai: hula sukari iliyomo katika unga, ikatoa hewa, na hewa hiyo ikinaswa katika wavu, donge huumuka. Mwaka 1857 Louis Pasteur alianza kuonyesha kwa majaribio kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Lakini wanawake waliohifadhi kipande cha donge la jana ili kiumue donge la leo walikuwa wameitumia kazi hiyo kwa maelfu ya miaka kabla yake. Katika joto la pwani donge huumuka upesi, pengine katika saa moja tu. Walakini lililolala usiku kucha katika jokofu huamka na ladha nzuri zaidi, kwa sababu chachu imepata muda wa kufanya kazi taratibu.

Asubuhi sinia la kuokea hupakwa mafuta mengi, donge likalazwa na kutandazwa kwa ncha za vidole. Likigoma na kurudi nyuma lisishindaniwe. Liachwe robo saa, litakubali lenyewe. Likiisha kuumuka tena, vidole huzamishwa ndani yake hadi chini ya sinia, safu kwa safu. Kisha hunyunyizwa maji yaliyochanganywa na chumvi na mafuta. Vishimo si pambo: ndivyo visima vinavyoshika mafuta na chumvi, na ndani yake mkate hubaki mweupe na laini ilhali vilima vyake huwa vyekundu na vikavu. Joko liwe limekwisha shika moto wa nyuzi 220. Baada ya dakika 20 au 25 mkate u tayari.

Ama majani, kila moja lina tabia yake. Rozimari ni kichaka cha nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, chenye majani membamba kama sindano, magumu, yenye mafuta ndani. Huo ugumu ndio unaoyawezesha kustahimili joko. Hata hivyo hupakwa mafuta kwanza, yasije yakaungua na kuwa machungu. Mrihani ni kinyume chake. Jani lake ni laini, na ukilitia jokoni litatoka jeusi, harufu yote imekwenda na moshi. Kwa hiyo hupasuliwa kwa mkono likamwagwa juu ya mkate uliokwisha iva. Mrihani huu ndio ule ule wetu. Huku pwani wanawake huusuka pamoja na asumini wakajipamba. Genova huutwanga kinuni pamoja na kitunguu saumu, jibini, mafuta na mbegu za msonobari, wakapata kitoweo. Jani ni moja, nyumba ni mbili: huku ni la nguo na nywele, kule ni la sahani. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya kwanza, na ilinichukua muda kuuzoea mrihani mdomoni.

Sasa nije kwa mtu wa moto. Liko shairi la Kilatini liitwalo Moretum, lenye umri wa yapata miaka elfu mbili. Zamani lilidhaniwa kuwa la Virgil, lakini siku hizi wataalamu wengi hawakubali, na mtungaji wake hajulikani. Halina vita wala wafalme. Laeleza asubuhi moja ya mkulima maskini aitwaye Simulus, anayeamka kabla ya alfajiri katika baridi, akapapasa gizani hadi mekoni, akapuliza kaa lililosalia chini ya majivu mpaka likawaka. Huchukua nafaka, akaisaga kwa mawe ya mkono, akibadili mkono uliochoka na kujiimbia nyimbo za shamba. Huchekecha unga, akaukanda kwa maji ya moto, akatia chumvi, akaubapa kwa viganja ukawa duara, na kuutia alama za kuugawa sehemu nne. Mkate ukiwa motoni, hutoka bustanini akachuma kitunguu saumu, giligilani na majani mengine makali, akayatwanga pamoja na jibini, chumvi, mafuta ya zeituni na siki. Huu basi ni mkate bapa wa Italia pamoja na majani yake, ulioelezwa hatua kwa hatua. Kwa mwalimu wa fasihi apendaye kuoka, ni vigumu kupata maandishi matamu kuliko hayo.

Lakini katika nyumba hiyo Simulus hayuko peke yake. Yumo mwanamke aitwaye Scybale, na shairi lasema wazi kwamba ni Mwafrika. Mshairi ametumia mistari kadhaa kueleza nywele zake, midomo, kifua, tumbo na miguu yake, kama mtu anayehesabu sehemu za mnyama mnadani. Hakutumia hata mmoja kueleza analowaza. Jina lenyewe wataalamu hulihusisha na neno la Kigiriki lenye maana ya takataka. Simulus humwita atie kuni motoni na kuchemsha maji. Mkate ulipokuwa tayari kuokwa, mahali pake mekoni palikuwa pamekwisha safishwa, na aliyepasafisha ni Scybale. Mkate hufunikwa kwa vigae na moto ukarundikwa juu, kama sisi tunavyopalia makaa juu ya mkate wa kumimina. Na ulipoiva, aliyeutoa ni Scybale; hapo ndipo mshairi anapomtunuku neno moja jema, kwamba ni mwenye bidii. Simulus huupokea kwa mikono miwili na moyo wa furaha, akaondoka kwenda kulima akiwa hana tena hofu ya njaa siku ile. Shairi hukoma hapo. Halisemi kama Scybale alikula.

Nimelisoma shairi hilo mara nyingi, katika tafsiri na katika Kilatini changu cha kubahatisha kwa kamusi, na kila mara hufikia mstari wa mwisho nikimngoja. Wasomi wameandika mengi juu ya kitoweo cha Simulus na ufundi wa mtungaji. Si vibaya. Ila nadhani msomaji wa Kiafrika ana haki ya kuuliza swali dogo la jikoni: aliyewasha moto, akachemsha maji, akafagia meko na kuutoa mkate katika majivu, alipata robo ipi katika zile robo nne?

Swali hilo si la kale tu. Tunapousifu mkate kwa kuuita wa nyumbani, tunamaanisha kuwa haukutoka dukani. Ni sifa njema, lakini ina pazia. Nyumba haikandi unga. Hukanda mtu, na katika nyumba nyingi za watu wa tabaka langu mtu huyo si mwenye nyumba. Mgeni hula, akamgeukia mwenye nyumba, akasema, "Mkono wako una baraka." Na mwenye nyumba hutabasamu.

Katika nyumba yetu yumo mwanamke aliyenizidi umri kwa miaka kumi hivi, nami humwita Dada, kama nimwitavyo mkubwa wangu wa kuzaliwa. Yeye huniita Mwalimu. Jina lake lafahamika kwa kila alaye mezani petu; katika maandishi haya ameomba lisitiwe, nami nimemtii. Vipimo vya focaccia nilivipata mimi vitabuni, na hapo ndipo sifa yangu inapokoma. Ni yeye aliyetambua kwamba katika miezi ya joto maji ya kukandia sharti yawe ya baridi. Ni yeye aliyeanza kuloweka rozimari katika mafuta tangu usiku, ili mafuta yenyewe yachukue harufu. Akibonyeza donge kwa kidole ajua kama bado dakika tano au kumi, na nimuulizapo amejuaje hujibu, "Lenyewe limesema."

Mwaka jana walimu wenzangu walioula mkate huo walianza kuuagiza. Dada akanijia akasema kwamba angependa kuuoka kwa kuuza, unga na mafuta anunue mwenyewe. Nikakubali. Sasa kila Jumamosi huoka masinia sita. Rafiki mmoja, mtu mwema, alinikalisha akanionya: "Joko ni lako, gesi ni yako, maarifa ni yako; walau mgawane." Nilimjibu kwamba gesi Dada huilipia nusu kwa hiari yake, na ama maarifa, mimi mwenyewe niliyaokota kwa Waitalia bila kuwalipa. Akacheka, akaniambia, "Basi atakuacha." Katika hilo hakukosea. Dada amekwisha weka fedha za kununua joko, na mwaka ukiisha atarudi kwao kuoka karibu na wanawe.

Sitadanganya kuwa habari hiyo ni nyepesi kwangu. Miaka kumi na mmoja si kidogo. Watoto wangu wamekulia miguuni pake, na jiko lake litakuwa kubwa mno kwangu. Lakini nikipima hasara hiyo katika mizani moja na asubuhi ile ya Simulus, najua upande gani wapasa kuelemea. Mkate haukupata kuwa wa aliyekalia kiti pale unapoletwa. Ni wa aliyeuandaa kwanza, na wengine tunakaribishwa. Akimkaribisha mwingine, amefanya ukarimu. Akinyimwa, wizi umefanyika, hata ukifanywa kwa tabasamu na kwa jina zuri la nyumbani.

Wazee wetu, moto ulipozimika, walikwenda kuomba kijinga kwa jirani. Na jirani aliyekitoa hakupungukiwa, meko yake yaliendelea kuwaka. Dada ataondoka na kijinga chake. Jumamosi itakayofuata nitakanda mwenyewe, nitabonyeza donge kwa kidole, na kungoja liseme.